Kusawazisha bunduki ya kuwindia yenye darubini, hatua kwa hatua, kabla ya kuingia kitaluni

Risasi inayokwenda pembeni sentimita 15 kwenye karatasi haimuumizi mtu. Porini, sentimita hizo hizo ndizo zinazotenganisha kifua cha mbogo na tumbo lake. Mbogo aliyepigwa tumboni hafi upesi. Ataingia kwenye kichaka kinene, atageuka na kusubiri, na wa kwanza kumkuta si mwenye bunduki bali ni yule anayefuata nyayo mbele. Ndiyo maana naandika haya kwa msisitizo: kusawazisha bunduki, yaani kuirekebisha darubini ili risasi igonge pale unapolenga, ni wajibu kwa mnyama, na zaidi kwa watu mnaotembea nao.

Mwongozo huu ni wa mtu anayemiliki silaha kihalali na mwenye leseni ya kuwinda, awe mwindaji mwenyeji, mgeni wa uwindaji wa kitalii, au kijana anayejifunza kazi chini ya mwindaji bingwa. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko atafaidika na sehemu za darubini na uwanja wa shabaha tu.

Sheria, kwa kifupi. Umiliki wa silaha uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na unasimamiwa na Polisi. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mapori ya akiba na vitalu vingi (maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji) viko mikononi mwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Usifyatue risasi hata moja ya majaribio ndani ya kitalu bila askari wa wanyamapori aliyepangiwa msafara wenu kujua na kukubali. Kwa wanyama hatari kama mbogo na tembo, kiwango cha chini ni .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Kama bunduki yako ni .30-06, ni silaha nzuri sana kwa kongoni, swala na ngiri, na iishie hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi, kisha ikaushe

Elekeza mtutu upande salama, fungua bolti (kifuli cha nyuma ya mtutu), toa magazini, tazama chemba (tundu ambamo risasi hukaa) kwa macho, halafu ingiza kidole ukague tena. Fanya hivyo kila unapoichukua, hata kama umeiweka chini mwenyewe dakika moja iliyopita.

Bunduki iliyokaa muda mrefu huwa na mafuta ndani ya mtutu. Mafuta hayo huisogeza risasi ya kwanza, na wewe utadhani darubini ndiyo mbovu. Pitisha kitambaa kikavu, kisha kingine, mpaka kitoke bila unyevu. Fanya vivyo hivyo ndani ya chemba.

Hatua ya 2: Kagua skrubu kabla ya kulaumu darubini

Lawama nyingi zinazorushiwa darubini ni za skrubu zilizolegea. Anza chini uende juu: zile mbili zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mti wa kitako, kisha za besi zinazokaa juu ya bunduki, kisha za pete zinazoishika darubini.

Kama unafunga upya, ondoa pete, safisha nyuzi za skrubu za besi kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke, weka tone dogo la gundi ya kuzuia nati kulegea (ile ya bluu, nyekundu itakusumbua siku ya kufungua), kaza, acha ikauke. Pete hazihitaji nguvu ya fundi wa malori. Watengenezaji wengi wanataka kati ya Nm 1.7 na 2 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa skrubu za juu za pete, kiasi cha kukaza kwa vidole viwili juu ya alenkii fupi. Ukizidisha, bomba la darubini linabonyea, na vioo vya ndani havisogei sawasawa tena unapozungusha vifundo vya kurekebishia shabaha. Kaza kwa kupishanisha, kidogo huku na kidogo kule, ili nafasi kati ya nusu mbili za pete ilingane pande zote.

Hakikisha pia kipenyo cha pete ni cha darubini yako. Bomba la milimita 25.4 na la milimita 30 ukiyatazama kwa haraka yanafanana, na kuna watu huweka vipande vya mpira ili darubini nyembamba ikae kwenye pete pana. Bunduki ya .375 itaitoa humo kwa risasi chache tu.

Ukishamaliza kukaza pete kabisa, mwishoni mwa Hatua ya 3, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, uanzie kwenye kichwa cha skrubu na uvuke hadi kwenye pete. Gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa: kila asubuhi ukitazama, mstari uliokatika unakuambia skrubu ipi imesogea, bila kugusa chombo chochote.

Hatua ya 3: Umbali wa jicho na msalaba ulionyooka

Kabla ya kukaza pete kabisa, vaa nguo utakazowinda nazo, koti la asubuhi likiwemo. Funga macho, inua bunduki begani, laza shavu mahali pake, kisha fungua macho. Picha ionekane duara kamili, bila kivuli cheusi ukingoni. Ukiona kivuli, sogeza darubini mbele au nyuma. Usisogeze shingo yako. Fanya zoezi hilo darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa juu, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ya jicho inapokuwa finyu.

Kwa bunduki zenye teke kali acha angalau sentimita 9 kati ya jicho na kioo. Ukiona mtu ana kovu lenye umbo la mwezi mwandamo juu ya nyusi, umeona kazi ya darubini iliyofungwa karibu mno. Maumivu hupona, lakini woga wa teke hubaki mwilini, na anayeogopa teke hufumba macho risasi inapotoka.

Kunyoosha msalaba (mistari miwili inayoonekana ndani ya darubini) ni rahisi kwa aliyewahi kujenga nyumba: tundika timazi kwenye tawi, mita 25 mbele yako, weka bunduki sawa juu ya mifuko ya mchanga, kisha zungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi. Sasa kaza.

Zungusha pia kioo cha nyuma mpaka msalaba uonekane mkali. Tazama angani mbali na jua, au ukuta mweupe, kwa sekunde mbili tatu tu kila mara. Ukikazia macho muda mrefu, jicho lenyewe hurekebisha picha na kukudanganya.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kupigia

Kambini wengi hupenda kichuguu kikubwa, na kwa kweli kichuguu kipana cha udongo ni kizuizi kizuri. Zunguka nyuma yake kwanza uone kama hakuna njia ya watu, mizinga ya nyuki, au kijana aliyekwenda kutafuta kuni. Epuka mawe na magogo makavu, kwa kuwa risasi huruka. Kila aliyepo avae vizibo vya masikio na asimame nyuma ya mpigaji.

Anza mapema asubuhi. Kufikia saa nne hewa juu ya ardhi yenye joto huanza kucheza, na duara la shabaha linaogelea mbele ya macho.

Kaa mezani au lala chini. Mfuko wa mchanga uwe chini ya sehemu ya mbele ya mti, kamwe usiwe chini ya mtutu, kwani mtutu unaoegemea kitu hurusha risasi mahali pengine. Mfuko mwingine mdogo uwe chini ya kitako, uubane na kuulegeza kwa mkono wa kushoto ili kupandisha na kushusha msalaba. Kwa .375 na kubwa zaidi weka pia mfuko wa mchanga kati ya bega na kitako. Hapa unapima bunduki, na bega lililochoka halipimi kitu.

Hatua ya 5: Tazama kupitia mtutu

Kwa bunduki ya bolti, njia hii huokoa risasi nyingi. Weka karatasi yenye duara jeusi umbali wa mita 25. Toa bolti nje kabisa, laza bunduki imara juu ya mifuko, kisha tazama kutoka nyuma kupitia tundu la mtutu. Sogeza bunduki mpaka duara likae katikati ya tundu. Sasa, bila kuitikisa hata kidogo, inua jicho kwenye darubini na uzungushe vifundo mpaka msalaba uangukie duara hilo hilo. Chungulia mtutuni tena, chungulia darubini tena. Vikikubaliana, rudisha bolti.

Hatua ya 6: Risasi za mita 25

Piga moja, kisha ya pili ukilenga pale pale. Zikiwa karibu, rekebisha. Hapa ndipo watu hupotea kwenye hesabu, basi tuiweke wazi.

Darubini nyingi za Marekani husogeza risasi kama milimita 7 kwa kila kliki kwenye mita 100. Nyingi za Ulaya husogeza sentimita 1 kwa kila kliki kwenye mita 100. Kipimo chako kimeandikwa kwenye kifundo au chini ya kifuniko chake. Kwenye mita 25 kila kliki hufanya robo ya hapo: karibu milimita 2 kwa ya kwanza, milimita 2 na nusu kwa ya pili. Kwa hiyo ikiwa risasi iko chini sentimita 10 kwenye mita 25, utahitaji kliki kama 55 au 40. Usione ni nyingi mno ukaishia njiani.

Mishale iliyo juu ya vifundo huonyesha risasi itakakokwenda. Risasi ikiwa chini, zungusha kuelekea juu.

Je, kwenye mita 25 risasi ipige wapi? Kwa .375 unayotaka iwe sawa mita 100, igonge kama sentimita 1 chini ya katikati, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu na risasi bado haijaufikia mstari wa macho. Kwa .30-06 unayotaka iwe sawa mita 200, igonge katikati au karibu sana na hapo.

Hatua ya 7: Mita 100, risasi tatu tatu

Usirekebishe kwa risasi moja. Piga tatu kwa utulivu, nenda ukatazame, na uchukue katikati ya matundu matatu kuwa ndiyo jibu la bunduki.

Tuseme katikati hiyo iko kushoto sentimita 8 na chini sentimita 5, na darubini yako ni ya milimita 7 kwa kliki. Kulia kliki 11, juu kliki 7. Piga tatu nyingine. Kwa kawaida duru mbili kama hizo zinatosha, ya tatu ni ya kuthibitisha.

Kama matundu yametawanyika kwa upana wa kiganja au zaidi, weka vifundo chini. Hakuna kurekebisha kitu kisicho na makazi. Rudi kwenye skrubu, kwenye mafuta ya mtutu, kwenye namna unavyobana triga. Mwombe mwenzako akupakilie, mara risasi ya kweli, mara ganda la mazoezi, bila kukuambia ni lipi. Mtutu ukiinama unapofyatua ganda la mazoezi, tatizo umelijua, na dawa yake ni kufyatua bila risasi kila siku mpaka mwili usahau kuogopa.

Mpe mtutu nafasi ya kupoa kati ya duru. Ukishindwa kuushika kwa kiganja kwa sekunde kadhaa, ngoja kivulini, bolti ikiwa wazi. Mtutu mwembamba wa kuwindia ukipata moto husogeza risasi, na porini utapiga ukiwa baridi. Risasi ya kwanza ya asubuhi kutoka mtutu baridi ina uzito kuliko nyingine zote; itie alama kwenye karatasi na uikumbuke.

Sasa umbali wa kusawazisha. Kwa .375 H&H yenye kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) napendekeza mita 100 kamili. Hapo haiko mbali na katikati kwenye mita 50, na umbali wa kumpiga mbogo mara nyingi ni ndani ya mita 100. Kwenye mita 150 itashuka kama sentimita 5, kwenye 200 kama 17. Kwa .30-06 yenye greni 180 kwenye mbuga za wazi, sawazisha mita 200: itapanda kama sentimita 6 kwenye mita 100, na kwa kongoni hujui tofauti. Hesabu hizi hubadilika na risasi unayotumia, kwa hiyo thibitisha kwa kupiga, kisha andika kwenye kipande cha plasta ukibandike ubavuni mwa kitako.

Hatua ya 8: Risasi ile ile, tangu karatasini hadi porini

Bunduki haisawazishwi peke yake. Inasawazishwa pamoja na aina moja ya risasi. Ukibadilisha kampuni, uzito wa kichwa au hata toleo la kiwandani, rudi mita 100. Kwa wanyama wakubwa, ambapo unabeba risasi za ncha laini pamoja na zile ngumu za kupenya, pima zote mbili kwenye mita 50. Zikitofautiana zaidi ya sentimita chache, tafuta mseto mwingine, kwa sababu nyati akikugeukia hutakuwa na nafasi ya kukumbuka ipi iko ndani.

Wageni wengi kutoka Marekani na Afrika Kusini huja na risasi walizojaza wenyewe nyumbani: maganda yaliyotumika, fataki mpya (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda), baruti na kichwa wanachokiamini. Zikijazwa kwa uangalifu ni risasi bora kabisa. Lakini zikague. Risasi iliyojazwa hadi kikomo wakati wa baridi ya kwao, ikalala kwenye gari la wazi chini ya jua la Septemba, hupandisha shinikizo, hasa kwa baruti zinazoathirika sana na joto. Bolti ikiwa ngumu kuinuka baada ya kufyatua, au fataki ikitoka imebapa na kujaa hadi ukingo wa tundu lake, acha kuzitumia. Usimwonee mgeni haya. Mpe bunduki ya kambi pamoja na risasi zake za kiwandani. Tazama pia maganda: ufa kwenye shingo, au mstari unaong'aa unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako chake, ni dalili ya ganda linalokaribia kukatika. Halafu pitisha kila moja kutoka magazini hadi chemba na kuitoa, uwanjani, mtutu ukielekea kwenye kichuguu. Iliyo ndefu kupita kiasi itakwama hapo, mahali ambapo kukwama hakumuui mtu.

Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria. Kwa .375 kilo hizo huisha haraka, hivyo panga mapema ni ngapi za kusawazishia na ngapi za kuwindia. Ukibana sana upande wa kusawazisha, umebana pasipofaa.

Hatua ya 9: Ondoka mezani, simama kwenye fimbo

Porini hakuna meza. Utapiga kutoka kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja, umesimama, moyo unadunda baada ya kutembea kwa kunyata. Weka shabaha mita 60, tembea haraka kuzunguka kambi, rudi, fungua fimbo, piga. Fanya mpaka uweze kuweka risasi tatu kwenye karatasi yenye upana wa kisahani cha chai, kwa sababu eneo la moyo na mapafu ya swala halizidi sana hapo. Kisha sogea mita 80, mita 100. Pale matundu yanapoanza kutoka nje ya kisahani, huo ndio umbali wako wa mwisho kwa msafara huu. Mwambie anayekuongoza namba hiyo bila kuipamba. Ataheshimu mita 80 za kweli kuliko mita 250 za maneno.

Jizoeze pia kupiga ya pili. Bunduki ikishapiga teke, vuta bolti ikiwa bado begani, macho yakiwa darubinini, na darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa chini. Kwenye kichaka, ukuzaji wa 9 hukuonyesha manyoya tu, usijue ni bega au ni paja.

Hatua ya 10: Kila baada ya safari, kila baada ya kuanguka

Barabara ya vumbi kutoka Itigi kwenda Rungwa inalegeza vitu vilivyofungwa kiwandani, sembuse skrubu mbili za pete. Ukifika kambini piga angalau risasi mbili za mita 100 kabla ya kufikiria nyayo. Bunduki iliyotoka kwenye ndege, iliyoanguka, au ambayo mtu ameibebea darubini kama mpini, hiyo haijathibitishwa mpaka karatasi iseme. Ndani ya gari iwe kwenye mfuko wake, chemba tupu, isigonge chuma.

Jioni futa vumbi kwa brashi laini kabla ya kugusa vioo na kitambaa, maana vumbi la mchanga huchana kioo. Tia mafuta kidogo sana kwenye bolti. Yakizidi huwa gundi ya vumbi. Ukisafisha mtutu kwa dawa na mafuta usiku, asubuhi pitisha kitambaa kikavu, na kama mpango ni mnyama hatari, acha kuusafisha kabisa mpaka msafara uishe, isipokuwa umenyeshewa.

Na asubuhi, kabla ya gari kuondoka, tazama ile mistari ya rangi ya kucha. Ikiwa mmoja umekatika, hakuna kuondoka: kaza, rudi kwenye kichuguu, piga tatu. Nyayo za alfajiri zitapotea siku hiyo, na mfuatilia nyayo atanung'unika. Mwache anung'unike. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea atahesabiwa kwenye leseni na kulipiwa kama aliyepatikana, na mfuatilia nyayo huyo huyo ndiye atakayetumwa mbele kumtafuta kichakani.